Kidole cha Sita cha Papa Safari

Karibu maisha yangu yote ya kazi niliamini kwamba Papa Safari wa Pinga ana kidole cha sita kwenye mkono wa kushoto. Siyo kidole cha kuzaliwa nacho, hicho kisingenisumbua. Nilielezwa na watu wazima, wenye akili na mashamba yao, kwamba kile alikiotesha mwenyewe, kwamba siku za juma kinalala kimekunjwa ndani ya kiganja, kwamba Jumamosi anakipaka maziwa ya mbuzi ili kilainike, na kwamba kinafunguka pale tu anapopiga ile akordi yake tamu ambayo hakuna mpiga gitaa mwingine kati ya Masisi na Walikale aliyeiweza. Na ushahidi ulikuwepo. Papa Safari hapigi gitaa bila kufunika mkono wa kushoto kwa taulo. Sasa mtu asiye na kidole cha ziada anafunika nini?

Nimestaafu mwezi uliopita. Korali ya Bihambwe ilinipa mbuzi na hotuba. Mbuzi alikuwa mfupi, hotuba ikawa ndefu. Vijana wanaobaki na gitaa kwenye makanisa ya vilima vyetu wameniomba niwaandikie namna kazi ilivyokwenda. Nitaandika. Mambo ya nani alinipandisha cheo na nilipewa nini nayaacha. Nilipewa zaidi maharagi, na yameliwa.

Nilianza Bihambwe nikiwa kijana mwenye diplome ya masomo ya jioni na vidole laini kama mkate. Gitaa la kanisa lilitengenezwa na seremala ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa masanduku ya maiti, na hakubadilisha mtindo. Lilikuwa zito mpaka siku ya maandamano tulilibeba watu wawili. Uzi ukikatika hatukuenda kuutafuta Goma: tulichukua waya wa breki ya pikipiki, tukauchambua, tukafunga. Nawaambia kwa faida yenu kwamba waya wa breki unalia vizuri lakini unakula ngozi. Mwaka wa kwanza niliacha nusu ya vidole vyangu juu ya lile gitaa.

Msimamizi wa korali alikuwa Papa Shemasi, mkulima wa maharagi mwenye masikio yanayosikia panya akiwaza. Siku ya kwanza alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mwenye historia.

"Unajua akordi ngapi?"

"Tatu, Papa."

"Zinatosha. Ukisikia umepata ya ine, uje uniulize mbele ya kuipiga."

Nikapiga tatu. Do, fa, sol. Kwa tatu hizo tulizika watu, tuliozesha watu, tulifungua mavuno. Halafu ikaja sikukuu moja, korali ya Pinga ikaalikwa kwetu, na Papa Safari akakaa mbele ya madhabahu na gitaa lake na taulo lake la buluu juu ya mkono.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Ni pale mwishoni, kwenye do ya kupumzikia, ambapo kila mtu alitegemea ile do yetu, imara, kama mlango unaofungwa. Haikuja hiyo. Ilikuja do nyingine, pana, kama mlango umefunguliwa upande wa pili na kumbe kuna bonde lote la Masisi asubuhi, ukungu unainuka, ng'ombe wako mbali. Mama mmoja nyuma yangu alisema "ee" polepole. Mimi nilisahau kukaa. Nilibaki nimesimama mpaka sadaka.

Papa Shemasi alikunja uso. "Ule mulio haujamaliza kusema," akaniambia. "Uko sawa na muntu anakusalimia na kumbe anaficha kintu nyuma ya mugongo."

Ndiyo siku ile ile, kwenye kula, niliambiwa habari ya kidole. Nikaamini palepale, tena nikaongeza yangu: nilikuwa nimeliangalia taulo wimbo mzima, na linatikisika kila anapobadilisha akordi, kama kuna kuku ndani. Lakini ilipofika ile moja, taulo lilitulia kabisa. Halikusogea hata kidogo. Nikajiambia, kidole cha sita kinafanya kazi kwa siri kuliko vingine.

Nikaomba ruhusa niende kujifunza Pinga. Nilikwenda kwa pikipiki, gitaa mgongoni, na kichwa kizima cha fromaje, ile jibini ya Masisi, kifuani kuwa zawadi ya mwalimu. Njia ya Pinga wengine wenu mnaijua. Dereva wangu alikuwa anasukuma pikipiki zaidi kuliko kuipanda, na matope yalikuwa yanataka viatu vyangu kuliko mimi mwenyewe. Kwenye bareri moja, kizuizi cha barabarani, kijana akanisimamisha, akagonga sanduku la gitaa kwa kidole.

"Iko nini ndani?"

"Gitaa."

"Banasemaka vile bote. Piga."

Nikapiga do, fa, sol. Akasikiliza, akachoka mapema. "Hii ni ya kanisa. Pita."

Papa Safari alinipokea uani kwake, mtu mwembamba, mkono wa kushoto mfukoni. Niliuona mfuko ule umevimba. Alichukua fromaje, akainusa pande zote, akaikata kipande, akanirudishia.

"Kula weye mbele."

"Papa, iko fromaje tu."

"Njo nasema, kula."

Nikala. Akanitazama mpaka alipohakikisha sifi, ndipo akaita watu wake wa korali, yaani waimbaji wake, wakale. Nikaelewa kwamba nimekutana na mtu wa aina yangu.

Nilikaa Pinga msimu mzima wa mvua. Nataka muelewe alichonifundisha, kwa sababu wengi wenu mnaogopa majina makubwa, septième majeure, neuvième, yaani ya saba na ya tisa, kama ni majina ya magonjwa. Papa Safari alinipeleka kwenye shamba lake la mteremko, lenye matuta, akaniweka tuta la chini.

"Hapa iko do. Panda, lakini usikanyage kila tuta. Kanyaga moja, ruka moja."

Nikakanyaga do, nikaruka ré, nikakanyaga mi, nikaruka fa, nikakanyaga sol.

"Simama. Pale njo akordi ya do ya kwenu Bihambwe. Do, mi, sol. Watu wote wanachoka wanakaa pale. Sasa endelea."

Nikaruka la, nikakanyaga si. "Ile njo septième majeure," akasema. Nikaruka do ya juu, nikakanyaga ré. "Ile njo neuvième. Umeona? Hakuna dawa. Ni kuendelea kupanda wakati bengine bamekaa."

"Na nikiendelea?"

"Utakuta fa. Fa na mi ya kwako bakikaa karibu bataanza kugombana. Uipite. Ukifika la, iko tamu, unaweza kupumzika. Lakini weye fika kwanza ku ré."

Septième nilipata siku hiyo hiyo, na hii iandikeni mioyoni. Gitaa lina nyuzi sita. Kutoka juu, nene kwenda nyembamba, ni mi, la, ré, sol, si, mi. Shika do ya kawaida. Kidole chako cha shahada kiko kwenye uzi wa si, chumba cha kwanza, yaani nafasi ya kwanza kwenye shingo ya gitaa, kinaugeuza kuwa do. Kiinue tu. Usiongeze chochote. Uzi ule unarudi kuwa si, na tayari una do, mi, sol, si. Nilipoinua kile kidole kwa mara ya kwanza nililia machozi ya kujaza beseni. Halafu nikamtazama Papa Safari kwa jicho la pembeni: mbona amenipa hii kwa urahisi hivi? Mtu akikupa kitu kwa urahisi, ameficha kikubwa zaidi.

Na kikubwa kilikuwepo. Neuvième ilinishinda. Sikilizeni kwa nini. Ninashika do ya nyumbani. Ninataka si na ninataka ré. Si iko kwenye uzi wa pili kutoka chini, ukiuacha wazi. Ré nayo iko kwenye uzi uleule, chumba cha tatu. Uzi mmoja hauwezi kulia mahali pawili. Nikipata si, ninakosa ré. Nikipata ré, si imekufa. Ré nyingine iko kwenye uzi wa mwisho, lakini huko kwenye chumba cha kumi, mbali kama Kisangani, wakati vidole vyangu vingine vimebaki kijijini kushika do na mi. Nikahesabu vidole vyangu. Nikaona wazi kabisa: akordi hii inataka kidole kingine. Uvumi haukuwa uvumi. Ulikuwa hesabu.

Siku ya kuondoka nikamuuliza usoni.

"Papa, ile neuvième yako utanionyesha lini?"

Alikuwa anakunja taulo. "Ile ni ya watu wawili. Weye uliniletea muntu moja na fromaje."

Mnaona jibu hilo. Mtu mwenye moyo mwepesi angeuliza, wawili gani? Mimi nilijua palepale kwamba wa pili hana mwili.

Kurudi, kwenye bareri ileile, kijana yuleyule. "Piga." Nikapiga do na kidole nimeinua, septième majeure, nione fahari. Akamtazama mwenzake, akanizunguka na kukagua sanduku upya.

"Mulipoenda haukuwa na hii," akasema. "Umeitoa wapi?"

Tulikaa pale mpaka dereva wangu akalala.

Bihambwe nikaanza kazi ya miaka mingi, ya kwetu na ya kuzungukia korali za vilima mpaka upande wa Buleusa. Nikanunua taulo. Lilikuwa jekundu. Msinicheke, maana kipindi kile wapiga gitaa wote wa vilima walikuwa wamejifunza kutoka Pinga kwamba mwenye akordi anafunika, na hata asiyejua kitu alifunika, tena yeye alifunika kwa blanketi. Kwenye mikutano ya korali ungeona mstari wa watu wamekaa na nguo juu ya mikono kama wagonjwa wa upele. Wanafunzi wangu wa kwanza walimaliza masomo wakijua vizuri sana rangi ya taulo langu.

Papa Shemasi aliipokea septième kwa masharti. Katikati ya wimbo, ndiyo. Mwisho wa wimbo, hapana. "Mwisho watu wanataka kujua kama wamefika," alisema. Nilimheshimu kwa hilo na bado naona ana haki: msimwage asali kwenye kila sahani.

Halafu akaja Zawadi. Zawadi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno makavu, na alijifunza gitaa la bass bila kuniomba ruhusa. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Bass yake ina nyuzi nne tu. Nikajiuliza mbili zingine amezipeleka wapi. Tena anatabasamu anapopiga. Mtu wa bass anatabasamu kwa sababu gani? Nikaamua ametumwa kuchungulia chini ya taulo langu, nikageuza kiti nikampa mgongo.

Isitoshe sikumwamini kuleta do. Do ni mzizi wa akordi. Ukichelewa, nyumba imeanguka. Kwa hiyo kila alipopiga do yake, mimi pia nilipiga yangu, kwa nguvu, kwenye uzi wa la, chumba cha tatu, kidole kimekandamiza kama mtu anaziba bomba.

"Papa Bahati," aliniambia mazoezini, "unanikanyaga."

"Nakukanyaga wapi? Uko mbali."

"Pale pale unajua."

Watoto wa korali wakacheka. Nikavuta taulo.

Wakati huo wote nilikuwa natafuta ile neuvième. Nilivuta kidole kidogo kila siku kwenda chumba cha kumi. Nilikifunga kamba usiku ili kirefuke. Asubuhi niliapa kimeongezeka nusu ya mkono, mke wangu akaniambia ni uvimbe. Ilikuwa uvimbe. Ukapanda kwenye kiganja, ukafika kwenye kiwiko, na ikafika siku nilikuwa siwezi kumenya muhogo. Kwenye gitaa nikaanza kuacha nyimbo ndefu. Nilimwambia kila mtu ni baridi ya mlimani.

Ndipo kinanda kikaja. Mtoto mmoja wa kilima chetu aliyepata maisha Goma alilitumia kanisa kinanda cha umeme, na panel ya jua ya kukilisha. Kijana mmoja wa korali alibonyeza hapa na pale, na mbele ya kanisa zima kikatoa ule mlio wa Pinga. Ule ule, bonde na ukungu na ng'ombe, kwa vidole vitano tu vya mkono wa kulia, bila taulo.

Papa Shemasi, sasa mzee kabisa ila masikio yaleyale, aliniita shambani kwake. Alikuwa anapura maharagi, hakuacha.

"Bahati, mimi ule mulio siupendi. Unajua."

"Najua, Papa."

"Lakini watu wanaupenda. Bale ba Pinga banatucheka, banasema Bihambwe ni bakavu. Sasa tunaenda Buleusa, mukutano ya korali. Wimbo wetu wa mwisho unaisha na do. Ukileta ule mulio na gitaa, gitaa inabaki mu korali. Usipouleta, kuanzia Jumapili inayofuata tunabeba wimbo na kinanda, na weye utapumzika."

"Na gitaa?"

"Gitaa tutaitundika ku ukuta. Umeitumikia vizuri."

Nilitembea kurudi nyumbani nikishuku kila kitu. Nilishuku kinanda, nilishuku yule mtoto wa Goma, nilishuku maharagi. Sikulala. Maisha yangu yote yalikuwa mbao zile na nyuzi zile, na sasa zingetundikwa ukutani kwa ajili ya noti moja niliyokosa kidole cha kuishika.

Buleusa tulifika tumepakwa matope mpaka kope. Kinanda kilisafiri kwenye pikipiki ya peke yake, kimefungwa nguo safi kuliko mimi. Kiliwekwa pembeni ya ukumbi, kimefunikwa, na Papa Shemasi akaketi karibu nacho. Vitu vilivyofunikwa vimenitesa maisha yangu yote.

Papa Safari alikuwepo, amezeeka, taulo la buluu limefifia kuwa jeupe. Lakini mpiga bass wake, anayempigia miaka yote, alikwama njiani, pikipiki imezama. Akaja kwetu, mkono mfukoni.

"Kaka Bahati, nipatie dada wa bass kwa wimbo moja."

Nikaona mtego. Lakini Zawadi alikuwa ameshasimama na gitaa lake.

Wakaimba. Zawadi alisimama upande wa kushoto wa Papa Safari, mahali ambapo miaka yote mimi sikuwahi kuruhusiwa, na kutoka pale mtu anaona chini ya taulo. Wimbo ukafika mwisho. Taulo likatulia. Bonde likafunguka, watu wote wakasema "ee". Na nikamwona Zawadi anatazama chini ya taulo, kisha anakaza midomo kama mwalimu anayezuia kicheko darasani.

Aliporudi nilimvuta kando.

"Umekiona?"

"Nimeona."

"Kiko namna gani? Kirefu?"

Akaniangalia mkono. "Papa Bahati, mukono yako inauma. Usinidanganye habari ya baridi, nakuonaka. Sasa sikiliza mimi. Tukifika ku do ya mwisho, toa mukono."

"Nitoe mukono wapi?"

"Ku gitaa. Mukono wa kushoto. Uutoe kabisa. Do yangu unaachia mimi. Weye uchape tu nyuzi ine za chini, polepole."

Nikacheka kicheko cha mtu asiyechekeshwa. "Kwa hiyo munataka niketi mbele ya Buleusa nzima, sijashika kitu, gitaa ilie ovyo, halafu kinanda kifunuliwe. Shemasi amekupa nini?"

Hilo lilimuuma, niliona. Alikung'uta matope kwenye mkanda wa bass yake na kwenda kusimama mahali pake.

Wakatuita. Nilikaa, nikapanga taulo. Korali yetu iliimba vizuri siku ile, niamini mimi, mabati yalitaka kuondoka. Lakini mimi sikuimba moyoni. Niliendelea kuhesabu mistari iliyobaki, na mkono ulikuwa unawaka kutoka kidole kidogo mpaka bega. Kwenye sol ya mwisho, ile inayotangulia do, nilijua kwa hakika kwamba chumba cha kumi sitakifika. Siyo leo, siyo kesho. Nilimtazama Papa Shemasi. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya nguo ya kinanda. Nilimtazama Zawadi. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekushikia mlango na mikono yake yote ina mizigo.

Nikatoa mkono. Niliuinua kabisa kutoka kwenye shingo la gitaa, na taulo likaanguka chini, na watu wote wa vilima viwili wakaona kiganja changu kitupu hewani.

Zawadi akapiga do. Peke yake, bila mimi, pana na ya mviringo. Nikachapa nyuzi nne za chini, polepole.

Sitajaribu kuusimulia ule mlio. Nitasema tu kwamba mkono wa Papa Shemasi ulibaki juu ya ile nguo, haukuifunua, na mlio ulipoisha aliutoa, akauweka kwenye goti. Baadaye aliniambia, "Haujamaliza kusema. Lakini wacha useme." Gitaa halikutundikwa. Liko na mmoja wenu sasa, mbadilishieni waya.

Nilimtafuta Papa Safari nyuma ya kanisa. Alikuwa ameketi kwenye tofali, anakula muhogo, na mkono wa kushoto, kwa mara ya kwanza, ulikuwa nje ya mfuko, umeshika sahani. Nikauangalia. Nikauangalia tena upande wa pili.

"Papa, nisamehe kuuliza. Kidole cha sita kiko wapi?"

Akaacha kutafuna. "Kidole gani?"

"Kile cha neuvième. Cha maziwa ya mbuzi."

Aliweka sahani chini, akanionyesha mkono, mbele na nyuma, vidole vitano vya mtu mzee vyenye kucha za mkulima.

"Bahati," akasema, "pale sishiki kitu. Nyuzi za chini zikiwa wazi ni ré, sol, si, mi. Iliyobaki ni do, na do iko kwa muntu wa bass. Taulo ni juu ya watu: bakiona mukono imelala, banasema sifanyi kazi."